Karatasi Kwenye Tundu la Kaseti

Kaka aliponiomba kaseti ya mama, ilinipasa kukataa. Nilimpa.

Juzi vijana wanaoandika historia ya lebo ya hip-hop aliyoianzisha kaka waliniletea kaseti ya kwanza aliyorekodi. Tundu la juu bado limezibwa kwa karatasi ya daftari langu. Mama alikuwa amevunja makusudi kiplastiki cha tundu hilo, ambacho bila hicho redio hairekodi, ili mtu asije akafuta wimbo aliouongoza kwaya ilipokwenda Misungwi.

Siku ile mama alikuwa ameanika dagaa ziwani, na harufu yake ilijaa chumbani kwetu Igogo. Kaka hakuwa na kaseti tupu.

"Mama atatupiga," nilimwambia.

"Atakupiga wewe. Mimi nitakuwa maarufu." Rafiki yake aliyekuja kurekodi naye alicheka, na kaka akaendelea: "Mama si yupo, mdogo wangu? Anaimba kila Jumapili mpaka majirani wamechoka. Ziba hapo."

Nikatafuna karatasi, nikaziba, nikabonyeza kitufe chekundu.

"Shikamoo mzee, historia ilianzia hapa," kijana mmoja kati ya wale wa juzi aliniambia, akaiwasha kaseti. Nilisikiliza pande zote mbili mpaka mwisho. Mama alifariki bila kurekodiwa tena, na sauti yake nimeisahau.