Nukta Zilizonyooka Mno

Siku niliyoripoti kazini, kabla sijapewa hata kiti cha kukalia, nilisikia fimbo. Ililia darasani, ikanyamaza, ikalia tena, na kila ilipolia niliificha mikono mgongoni kana kwamba zamu inayofuata ni yangu. Ilikuwa shule ya bweni ya wasichana, upande wa Lumemo, nyuma ya jiko tu kulikuwa na mto. Mlango ulifunguka, akatoka Mwalimu wa Taaluma akijipangusa chaki.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Wewe ndiye madam mpya wa hesabu?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Vizuri. Nimewachapa waliokosea grafu. Nukta haitembei yenyewe, madam. Ukiiona imetoka nje ya mstari, ujue kuna mkono mzembe. Utanisaidia kuinyoosha hiyo mikono."

Nikaitikia. Nilikuwa mgeni, na mgeni huitikia.

Ninyi mnaoanza kufundisha leo mna simu zinazochora grafu zenyewe. Sisi tulikuwa na rula, penseli na karatasi ya grafu, ile yenye vijiraba vidogo, ambayo ilikuwa adimu kiasi kwamba wasichana waliifuta na kuitumia tena mpaka ikatoboka. Nilianzia kwenye mlinganyo, ambao ni sentensi fupi inayosema vitu viwili vinalingana. Chukua y = 4x + 60. Sitini ni pale unapoanzia. Nne ni kiasi unachopanda kila unaposogea hatua moja, na huo tuliuita mteremko wa mstari. Unachora mihimili miwili, mmoja umelala, mwingine umesimama, unaweka nukta, unaziunganisha kwa rula. Ukichora mistari miwili, pale inapokutana ndipo lilipo jibu la milinganyo yote miwili. Nilipenda sana kuwafikisha hapo. Darasa zima lilivuta pumzi, kama watu waliosubiri wageni wawili wakawaona wanapeana mikono njiani.

Masika moja mvua ilinyesha Udzungwa bila kupumzika. Milima ilipotea machoni, ikabaki sauti ya maji tu. Nyuma ya jiko tulisimika nguzo yenye alama za sentimita, na Mkuu wa Shule akaniagiza darasa langu lifuatilie mto. Kazi ya kusoma nguzo kila saa ilimwangukia Skolastika wa Kidato cha Pili, msichana mwembamba mwenye mwandiko mzuri kuliko wangu. Alikwenda akijifunika mfuko wa nailoni, akarudi akitiririka, akaweka nukta yake.

Saa kumi na mbili asubuhi mto ulikuwa kwenye sentimita sitini, ukipanda nne kila saa. Kizingiti cha bweni kilikuwa sawa na alama ya mia na themanini, kwa hiyo nilichora mstari wa pili uliolala pale pale, maana kizingiti hakipandi. Mistari ilikutana saa sita mchana wa siku ya pili. Mkuu wa Shule aliitazama grafu, akashusha mabega.

"Lori linakuja kuwachukua kesho saa mbili asubuhi," alisema. "Tutawahi. Wasichana wabaki."

"Kama mto utakubali, mkuu," nilisema.

"Mto haujasoma Kidato cha Pili, madam, lakini grafu yako imenyooka."

Mchana nilisimama dirishani. Kelele ya mto ilikuwa imebadilika, imekuwa nzito, kama watu wengi wanaosemezana nyuma ya ukuta. Nikaichukua karatasi. Nukta zote zilikuwa juu ya mstari, hata moja haikupepesuka. Ndipo nilipopata hofu ambayo sijawahi kuieleza vizuri. Kitu kinacholia vile hakiwezi kupanda kwa unyoofu ule. Niliinua karatasi kwenye mwanga. Upande wa juu wa mstari kulikuwa na madoa ya ufutio, moja kwa kila saa, na kila doa lilikuwa limeuacha mstari mbali zaidi kuliko lile lililotangulia.

"Skola, nani amefuta hapa?"

Aliutazama ufutio mkononi mwake. Maji yalikuwa yakimdondoka kidevuni.

"Nguzo ilisoma ngapi hii saa sita?"

"Mia na tisa, madam."

"Mbona umeweka themanini na nne?"

"Kwa sababu ndipo mstari unapopita." Sauti ilikuwa ndogo mno. "Nikiiacha ilipo, itakuwa nje."

Nilimshika mkono tukaenda ofisini kwa Mkuu wa Shule, tukamkuta na Mwalimu wa Taaluma. Nilirudisha nukta zote zilipotoka. Hazikuwa mstari tena. Ziliinama kwenda juu kama shingo ya ndege anayetaka kuruka. Hata kwa mteremko wa saa moja ya mwisho tu, maji yangefika kizingitini kabla ya jioni, na barabara ya kutokea ilikuwa chini kuliko bweni.

"Hii ni fujo, si grafu," alisema Mwalimu wa Taaluma. "Mtoto alikosea kusoma, akajirekebisha. Ile ya kwanza ndiyo sahihi."

"Twende tukaione nguzo, mwalimu."

"Nikalowane kwa ajili ya mkono mzembe?"

Mkuu wa Shule hakumtazama yeye wala mimi. Aliinama mpaka uso wake ukawa sawa na wa msichana.

"Mwanangu, umekwenda mtoni peke yako na maji yale. Hukuogopa?"

"Niliogopa, mkuu."

"Sasa kwa nini hukusema?"

Skolastika aliitazama fimbo iliyoegemea kabati.

"Naogopa ile zaidi."

Mkuu wa Shule aliinuka, akaiangalia naye. Mvua ilizidi juu ya bati. Kisha akatoka, akagonga kengele kwa mikono miwili.

Tuliondoka wote, tumeshikana mikono. Barabarani maji yalishafika magotini, ya rangi ya chai ya maziwa, na ukingo wa barabara haukuonekana. Aliyetangulia alikuwa Mwalimu wa Taaluma, amekunja suruali, akiichomeka fimbo yake majini kabla ya kila hatua ili kupima kina.

"Gotini!" alipiga kelele. "Gotini! Pajani hapa, sogeeni kushoto! Pajani!"

Skolastika, nyuma yake, alirudisha kila neno kwa walio nyuma. Hakupunguza hata moja.

"Madam," msichana mmoja aliniuliza huku akitetemeka, "na hili tope lina mteremko gani?" Tukacheka vibaya, meno yakigongana. Tulipofika kwenye mwinuko wa kanisa tuligeuka. Mlango wa bweni ulikuwa umefunguka wenyewe, na magodoro yalikuwa yakitoka moja moja, taratibu, kama watu waliochelewa kuamka.

Baadaye nilihamishiwa shule ya Kisawasawa, nikafundisha huko mpaka nikastaafu. Sasa naishi mtaa wa Viwanja Sitini, na watoto wa majirani huniletea daftari zao. Wakikosea, nakaa nao bila wasiwasi. Lakini siku moja moja hunijia mtoto aliyekwenda mwenyewe kupima kitu, kivuli cha mti au maji kwenye ndoo, na nukta zake zote zimelala juu ya mstari, safi, bila hata moja iliyopepesuka. Naisikia tena fimbo ya siku ile ya kwanza. Sisahihishi. Naweka kalamu chini, namkaribisha akae karibu, kisha namuuliza taratibu, "Mjukuu wangu, unamwogopa nani?"