Jikoni kwa Lori la Manamba

Mwaka nilioanza kazi ni ule ambao michembe, viazi vyetu vya kukausha, iliisha ghalani mapema, na sisi watu wa Didia tukala unga wa njano wa serikali, unga ambao hata mbwa aliunusa akageuka. Mwenye kutaka tarehe akawaulize waliosoma. Mimi nilisoma mpaka kuandika jina langu, kisha nikaitwa shambani.

Siku ya kwanza nilifika kambi ya Shinyanga na mwiko wangu mwenyewe mkononi. Kambi ile ilikuwa ya kupokea manamba, yaani vibarua walioandikishwa mbali ili wapelekwe migodini. Nyapara Mkuu, mwanamume ambaye tumbo lake lilitangulia kutoka mlangoni, alinitazama juu mpaka chini, akaniita mama kwa Kisukuma.

"Mayu, hapa tunasonga ugali kwenye pipa, si kwenye chungu. Utaweza?"

"Nionyeshe pipa, kisha ukae ule. Maneno baadaye."

Lilikuwa pipa la mafuta lililokatwa katikati. Ukisonga humo unatanua miguu na kushika mwiko kwa mikono miwili kama mtu anayepiga kasia. Nyapara alikula, akaomba tena, na hakuniuliza neno jingine. Nasema bila haya: hakuna aliyenishinda kwa pipa.

Baadaye nilihamishiwa mgodi mmoja upande wa Geita, chini ya Bwana Kambi, mzungu aliyenusa kila sufuria na hakusema asante hata siku moja. Huko nikaolewa na dereva wa lori. Tulipata mapacha, Kulwa na Doto, ndipo watu wakatuita Baba Kulwa na Mama Kulwa. Watoto walipoacha kunyonya niliwapeleka kwa mama yangu Didia, nami nikawekwa kwenye lori la mume wangu kuwa mpishi wa safari.

Kazi ilikuwa hivi. Bwana Mwandikishaji, mzungu mwingine, alitangulia na gari lake dogo. Lori lilimfuata, mimi juu ya magunia na sufuria zangu. Tulipita Biharamulo, tukafika Ngara, tukavuka mto Kagera kuingia Ruanda. Aliyekubali kazi alitia dole gumba, na pale pale akapewa blanketi la kampuni, la kijivu lenye mstari mwekundu. Alitakiwa kulivaa begani, ili akitoroka ajulikane. Mimi nilimlisha mpaka mgodini.

Ninyi mnaokwenda nchi za watu zisizotulia, nisikilizeni, maana haya sikuyasoma popote. Ukifika mahali, nenda sokoni kabla ya kushusha mzigo. Ukiona wanawake wamekuja na watoto mgongoni, pika, ulale. Ukiona wanaume peke yao ndio wanaouza ndizi, pakia sufuria uondoke. Lori liegeshwe pua ikitazama ulikotoka. Usiulize habari za mfalme wala za chama, uliza bei ya maharage. Moto mimi niliomba nyumba ya karibu hata nikiwa na kiberiti kwenye pindo la khanga. Anayekupa kaa la moto atakupa na habari za kijiji. Anayekufungia mlango, naye amekwisha kukwambia.

Kisha ukaja mwaka ambao watu wa ng'ambo ya Kagera walianza kuchomeana nyumba. Tulikuwa tumepiga kambi Ngara, upande wetu. Kila asubuhi tuliona watu wamevuka na ng'ombe wao na vitanda vya watoto, na nyuso ambazo sitaki kuzieleza. Bwana Mwandikishaji alitwambia mgodi unataka watu.

"Mama Kulwa, kesho nyinyi navuka. Huko sasa mzuri. Hapana shida."

"Na gari lako, Bwana, litatangulia kama siku zote?"

"Mimi nabaki. Hapa iko kazi."

Nikaweka mwiko chini.

"Siendi mahali ambapo anayenituma haendi."

Alicheka. Akasema wapishi wako wengi, na kweli siku ile ile akampata mwanamume wa pale pale Ngara.

Nilimkuta Baba Kulwa chini ya lori, anapaka grisi, miguu ndiyo inayoonekana.

"Umenitia aibu mbele ya Bwana," ikasema miguu hiyo. "Umeanza uoga wa uzee?"

"Na wewe umeanza uzuzu. Tajiri mwenyewe kang'ang'ania kiti, wewe unashangilia safari!"

"Lori nimekabidhiwa mimi. Nikilikataa atapewa mwingine."

"Apewe! Mimi niliposwa na wewe, sikuposwa na lori."

Akatoka chini akicheka, grisi mpaka masikioni. Akaniomba nimfungie viazi vya njiani. Nikamfungia, nikamwambia atazame masoko. Akasema, "Ndiyo, nyapara wangu."

Aliyerudi ni utingo wake, kwa miguu, shati limechanika. Alikaa chini mbele ya jiko langu, akaanza kulia kabla sijamuuliza.

"Mama, masoko tuliyatazama. Yalikuwa mazuri, wanawake wapo, watoto wapo. Tulipakia watu, tukageuka kurudi. Njiani tukakuta migomba imelazwa barabarani. Wale waliotuzuia wakaona lori zima limejaa wanaume, wote vazi moja. Wakasema hili ni jeshi limeletwa kuwamaliza. Baba Kulwa akashuka kuwaeleza kwamba ni mablanketi ya kazi. Alishuka mikono mitupu, Mama, anawasalimia."

"Kisha?"

"Usiniulize kisha."

Miaka yote tuligawa mablanketi yale, na hayakumdhuru mtu. Hakuna aliyewaza kwamba nchi ikichafuka, vazi la kazi linageuka kuwa vazi la vita. Bwana hakuwaza, mume wangu hakuwaza, hata mimi na masoko yangu sikuwaza. Lakini asiyewaza akiwa kitini alibaki na roho yake. Mwili wa Baba Kulwa sikuupata mpaka leo. Bwana Mwandikishaji alivua kofia, akasema pole, akaivaa.

Sasa mimi ni mzee. Kulwa na Doto niliwalea kwa jembe, na wamenizalia wajukuu. Wengine wako Katoro, na wengine wanavuka mipaka kufuata dhahabu ya tajiri aliyebaki dukani na feni yake. Huwa wananiuliza kama najuta kuacha kazi. Ninachojuta ni miaka niliyomwita Mwandikishaji yule Bwana.

Kustaafu kwangu hakukuwa na karamu. Mvua zilizofuata kifo kile, Mwandikishaji aliletewa lori jipya na dereva mpya, akanikuta Geita naosha pipa.

"Mama Kulwa, sasa kweli imetulia. Mimi nataka mpishi mzuri. Nyumba hii ya kambi ni ya watu ya kazi. Wewe nakataa, natoka leo."

Nikamjibu. Uso ukamwiva. Akaita nyapara wa pale Geita, akamwita na yule dereva mpya, kijana aliyekuwa bado anang'arisha taa za lori lake.

"Sema tena," akaniambia. "Hawa nasikia."

Nikamtazama yule kijana, si yeye.

"Siendi mahali ambapo anayenituma haendi."