Aliye Kitini Ndiye Mwenye Neno

Mjomba wangu ni kinyozi, na dukani kwake kuna sheria moja tu: aliye kitini ndiye mwenye neno. Ukishafungwa shuka shingoni sema utakalo, hakuna ruhusa ya kukukatiza mpaka shuka lifunguliwe. Mjomba anasema hiyo ni haki tupu, maana mtu aliyewekewa wembe kooni hawezi kugeuka kumjibu aliye nyuma yake. Basi tunao wateja ambao nywele zao hazijafika popote pa kunyolewa, ila wana hoja.

Mimi ni mtoto wa dada yake. Alinichukua aliponiona sina subira ya kukaa na mama kwenye cherehani, akanipa kiti cha pili, kile kinacholia kila kikizungushwa. Watu wakamwambia mwanamke hawezi kunyoa wanaume. Akawauliza, "Nywele zenu ndizo zimewaambia?" Mazungumzo yakaishia hapo. Ndivyo alivyo. Maneno yake machache, na kila neno lina mahali pake kama vifaa vyake pale chini ya kioo: mashine, brashi, poda, chupa ya spiriti, na ule wembe wa kukunja wenye mpini mweusi ambao hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuushika. Mimi nilinyoa kwa mashine tu, na ndevu nikajifunzia kwa wembe wangu wa kawaida.

Ubishi wa mwaka huu ulianzishwa na Mwalimu Mkuu. Amestaafu zamani, lakini bado huingia dukani akikagua kama tumevaa sare. Siku hiyo alikalia kiti akatangaza kwamba mwanafalsafa mkubwa kuliko wote tangu dunia iwe dunia ni Aristotle, kwa sababu hakuna kitu alichokiacha bila kukigusa: wanyama, nyota, siasa, hata mashairi. Fundi Redio, mwenye kibanda mlango wa pili, alisubiri shuka lifunguliwe huku mguu ukimcheza. Zamu yake ilipofika akasema huyo Aristotle alikuwa mtu wa stoo tu, kazi yake kupanga vitu kwenye rafu. Mkubwa ni Konfusio, aliyewafundisha watu kuishi na wenzao. Dereva mmoja wa lori akamtaja Ibn Rushd, aliyethubutu kusema akili na imani si maadui. Mtu mwingine aliingia kuuliza njia tu, akaishia kunyolewa kipara ili apate nafasi ya kumtetea Plato.

"Na wewe, kinyozi?" wakamwuliza mjomba.

"Mimi sijakalia kiti," akajibu, akapuliza nywele kwenye mashine.

Si kwamba hakuwa na jibu. Nyumbani kwake vitabu vimepanda mpaka juu ya kabati la vyombo, na mkewe husema iko siku tutampakua Kant kwa mwiko. Lakini kinyozi hajinyoi. Mjomba hunyolewa na mkewe, nyumbani, na katika kiti chake mwenyewe hakuwahi kuketi hata mara moja. Wateja wakaendelea kumchokoza, naye akaendelea kuwapiga brashi za shingo.

Kisha mkono wake wa kulia ukaanza kutetemeka.

Kwanza tulikisikia kikombe kikigonga sahani. Baadaye ikawa brashi. Halafu alasiri moja wembe ukamchana Mwalimu Mkuu chini ya sikio. Damu ilikuwa tone tu. Mjomba akapaka spiriti, akaomba radhi, na Mwalimu Mkuu akasema kosa ni lake, alijitikisa. Uongo mtupu. Mzee wa watu alikuwa ametulia kama ukuta.

Tangu siku hiyo kila mmoja wetu alijua kuwa mjomba lazima auweke wembe chini kabla hajamuumiza mtu, maana koo la mwanadamu si mahali pa kubahatisha. Lakini nani amfunge paka kengele? Mimi niliyelelewa na mkono ule sikuthubutu. Wateja walikutana kwenye kibanda cha Fundi Redio, hao hao wanaoweza kushinda asubuhi nzima wakichambua ukweli ni nini, wakakata shauri lao.

Kesho yake akaingia wa kwanza. "Leo mashine tu, kinyozi. Daktari kanikataza wembe. Ngozi."

Mjomba akamnyoa. Akaja wa pili. "Mashine tu. Daktari kanikataza wembe. Mambo ya ngozi." Dereva wa lori naye, ambaye kwa ninavyomjua hajawahi kukanyaga hospitali, alikuwa na daktari. Fundi Redio hivyo hivyo. Mwalimu Mkuu, ambaye nina hakika ndiye aliyeutunga uongo wenyewe, alikuja wa mwisho, akakalisha matako kitini na kusema, "Daktari amenikataza wembe. Ngozi hii, unajua."

Mjomba aliwatazama kwenye kioo mmoja mmoja, kuanzia kitini mpaka kwenye benchi.

"Huyo daktari," aliuliza taratibu, "mmempata wapi?"

Mimi nilifagia nywele ambazo hazikuwepo.

Mjomba akamfungua Mwalimu Mkuu lile shuka, akamwomba ampishe. Akalikung'uta. Halafu yeye mwenyewe akaketi.

"Njoo, mama," akaniita. "Nifunge. Ndevu."

Akautoa ule wembe wenye mpini mweusi, akanielekezea mpini.

"Mjomba, lakini huo ni wembe wako."

"Naujua. Nyoa."

Nikamfunga shuka, na kwa sheria yake mwenyewe neno likawa lake.

"Mkubwa wao ni Sokrate," alisema nikimpaka povu. "Hao wengine mliowataja walituambia wanachokijua. Yeye alisimama mbele za watu akasema yako mambo siyajui. Nimempenda kwa neno hilo tangu ujana wangu, na siku zote nililiona neno jepesi. Ni jepesi kweli, kama unazungumzia nyota."

Akanyamaza nipite kooni. Chini ya shuka niliuona mkono wake ukichezacheza juu ya goti.

"Mkono huu nilikuwa naujua. Sasa siujui. Kila nikiamka najiambia leo utatulia. Mwalimu, siku ile wewe ulikuwa umetulia. Aliyetikisika ni mimi. Kuanzia leo wembe ni wa huyu mtoto."

Hakuna aliyeweza kumkatiza. Fundi Redio alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Mimi nililia, sifichi, lakini wembe haukuyumba. Ni yeye aliyenifundisha kwamba machozi ni kazi ya macho, mkono una kazi yake. Sijawahi kumheshimu mtu kama nilivyomheshimu mjomba wangu dakika ile, na povu masikioni.

Nilimfuta, nikampaka poda, nikafungua shuka. Sasa kila mtu alikuwa na ruhusa ya kusema, na hakuna aliyesema. Mjomba alibaki ameketi, anatazama magoti yake. Kimya kile kilinitisha kuliko wembe. Nilijua wakimwonea huruma tu, kesho haji.

Mwalimu Mkuu akasimama.

"Hoja dhaifu!" alifoka. "Kama ukubwa ni kutojua, basi mimi nimefundisha wanafalsafa watupu maisha yangu yote!"

Duka zima likaangua kicheko. "Tena huyo Sokrate," Fundi Redio akadakia, "angepunguza ubishi mahakamani angezeeka na wanawe!"

"Ngoja!" Mjomba aliinuka kitini uso umemchangamka. "Ngoja! Hapa mtu anakaa kwanza, ndipo asema!"

Mwalimu Mkuu hakungoja kuambiwa mara mbili. Aliketi, akainua kidevu, lile kovu dogo likaonekana chini ya sikio.

"Binti, wembe," akaniambia.

"Na daktari je?"

"Nimebadilisha daktari."

Nikamfunga shuka, naye akaanza na Aristotle upya, tangu utoto wake. Mjomba akakivuta kile kiti changu kinacholia, akaketi nyuma yangu, akisubiri kwa hamu shuka lifunguliwe.