Pikipiki ya Baba na Maji ya Kisima

Sisi tuliokulia Kuze, Mji wa Kale wa Mombasa, wakati ule tulijua saa kwa masikio. Mkokoteni wa maji ukilalamika uchochoroni, kumekucha. Vikombe vya muuza kahawa vikigongana, watu wametoka kuswali alasiri. Na pikipiki ya baba yangu ikiingia kona ya msikiti, tre-tre-tre kama cherehani inayoshona gunia, ni saa sita na nusu ya mchana, wali umeiva, na mtoto anayetaka kupandishwa juu ya tangi akimbie sasa hivi.

Wenzangu wa rika langu mtakumbuka. Tulikuwa tukicheza mdako barazani mpaka vidole vinachubuka. Tukitoka chuoni kusoma Kurani, mgongo bado unawasha kwa bakora ya mwalimu, tunakwenda moja kwa moja kwenye viazi vya karai na ukwaju, au mabuyu yanayotia midomo rangi mpaka mama akuulize umekula nini na huwezi kumdanganya. Hatukuwa na simu ya kutuambia wapi mwenzetu alipo. Ulisimama chini ya dirisha ukaita jina lake, na mtaa mzima ukajua unamtaka nani na kwa nini. Watoto wa leo umeme ukikatika saa moja tu wanakaa kama waliofiwa.

Lakini sikuandika haya ili niseme kila kitu kilikuwa halua. Mie nilitolewa shule darasa la sita, kwa hivyo mkiona maneno yamepinda yanyosheni wenyewe. Aliyenitoa namtaja: ni Ami Seif, ndugu wa baba. Baba alipofariki nilikuwa na miaka kumi. Mama yetu, Rukia, alipomaliza eda akarudishwa kwao Mambrui, kule mbele ya Malindi, kwa nguo alizovaa na sanduku moja. Mimi na kaka yangu Athman tukabakishwa. "Hawa ni damu yetu," ndivyo alivyosema Ami, na neno lake nyumba ile lilikuwa ndilo neno. Baadaye akatwambia mama ameolewa, ana watoto wengine, hatuulizii. Miaka minne nililala na maneno hayo.

Pikipiki ya baba ilibaki ukumbini chini ya turubai. Ndogo, ya bluu, kiti kimepasuka. Mimi nilikuwa nikiinua turubai kwa siri nikinusa. Harufu ya baba ilikuwa pale, si kaburini.

Basi siku moja kulikuwa na harusi nyumba ya tatu kutoka kwetu. Nimekaa na wasichana nachambua mchele wa mpishi, akaja bibi mmoja mgeni, Bi Mwanaisha, akaninyanyua kidevu.

"We u mwana wa Rukia wa Mambrui?"

"Ndiye mimi, bibi."

"Maye! Sura yake hiyo hiyo. Na mbona hammjibu mamenu? Kila mwezi yuwaandika barua, yuwaipa basi. Mwanamke hakuolewa, hacheki, akisikia gari atoka mlangoni, nanyi mwamnyamazia kama jiwe?"

Sikula pilau siku ile. Nilikwenda nyumbani nikamuuliza Bi Zuhra, mke wa Ami, barua za mama zi wapi. Alikuwa anapepea jiko. Hakuinua hata macho. "Karatasi hushika moto vizuri kuliko makumbi," akasema. Huyo ni wa pili, namtaja naye. Amekufa sasa. Namwombea, lakini namwombea nikiwa nimekaza meno.

Nilipomwambia Athman, aliyekuwa na miaka kumi na tisa na kibarua cha kushusha magunia Kilindini, alikwenda ukumbini akalifunua turubai. Kisha akasema, "Twende."

Mtauliza mbona hatukupanda basi. Ami Seif ndiye aliyekuwa akikatisha tiketi za mabasi ya kaskazini. Alikaa kwenye kiti chake tangu asubuhi mpaka magharibi, na kila dereva na kila utingo alitujua kwa majina. Tungeteremshwa kabla ya daraja la Nyali tukarudishwa kwa masikio. Ilikuwa ni pikipiki ya baba au hakuna safari.

Tukamdanganya Ami kwamba tunaitengeneza ili iuzwe. Uso wake ukang'aa! Akatuachia ukumbi.

Wiki mbili zile, wallahi, ndizo nilizofurahi kuliko zote za utoto wangu. Athman akienda kazini, kazi ya pikipiki ni yangu. Nilisugua plagi kwa mswaki na msasa. Nililaza cheni ndani ya mafuta ya taa kwenye sufuria kuukuu, Bi Zuhra akapiga kelele nyumba nzima inanuka. Kiti nilikishona kwa uzi wa magunia na kipande cha turubai, na mshono ule ulikuwa mzuri kuliko nguo zangu zote za Idi. Athman akirudi tunaziba mpira, tunavuta waya za breki, tunachanganya petroli na oili kwenye chupa ya sharbati, maana zile pikipiki ndogo za zamani zilikuwa zikinywa oili pamoja na petroli.

Tangi ndilo lililotushinda. Petroli ya miaka minne ilikuwa imeganda kama asali mbovu. Athman akalibeba mpaka Makupa kwa Fundi Mselem, aliyetengeneza magari ya mizigo na kuyaona mengine yote ni vichezeo.

"Tia kokoto, tia maji, tikisa. Hata dada yako ataweza," akasema.

"Maji gani, fundi?"

"Maji ni maji, bwana! Wataka ya zamzam?"

Huyo ni wa tatu.

Sasa nyinyi wa Mji wa Kale mnajua maji yetu. Mifereji ya bomba ilikuwa ikikauka wiki nzima. Maji matamu yalikuja kwa mkokoteni, yalikuwa ya kunywa na ya chai, na mtoto aliyeyamwaga alikiona. Ya kuogea, ya kufulia, ya kila kitu kingine, tulivuta kisimani uani, na kisima chetu kilikuwa na chumvi ambayo ukioga ngozi inakubana. Basi nikateka ndoo ya kisimani, nikatikisa tangi mpaka mikono ikafa ganzi. Maji yakatoka meusi, yakatoka ya kahawia, yakatoka meupe. Nikalifunga kifuniko nikaliweka pembeni siku tatu, nikijiona fundi.

Tukaijaribu vichochoroni. Ikawaka! Majirani wakatoa vichwa madirishani, na mzee mmoja akalia kwa kuusikia mlio ule. Lakini vichochoro vya Kuze havina nafasi ya zaidi ya gia ya pili. Mbele kuna mbuzi, au kuna ngazi ya mtu. Tulijua kwamba inakwenda. Hatukujua kama inasafiri.

Bibi yetu, mama wa baba na wa Ami, alikuwa akitutazama muda wote huo kutoka kwenye kitanda chake cha kamba, hasemi. Nilimkasirikia kwa kunyamaza kwake miaka yote ile. Usiku wa kuamkia Ijumaa nilipokuwa nakunja nguo, akaniita. Akaniambia nimletee chetezo. Akaenda ukumbini kwa miguu yake mibovu, akaifukiza pikipiki udi, mbele, nyuma, mpaka chini ya tangi, huku akisoma, kama anamfukiza bwana harusi.

"Bibi, utatulipua," Athman akanong'ona. "Kuna petroli humo!"

"Nyamaza. Mwaniona sijui mwendapo?" Akanipa mkate wa sinia aliouoka mwenyewe, umefungwa kwenye kitambaa chake cha kuchujia tui. "Mwambieni Rukia nilikuwa na mdomo nisiutumie."

Alfajiri Ami aliporudi msikitini akalala tena, tuliisukuma pikipiki bila kuiwasha, tukapita Ndia Kuu na kutokea Marikiti. Hapo Athman akapiga teke. Mimi nyuma, buibui nimelikunja mapajani, galoni la petroli ya akiba mikononi kama mtoto mchanga.

Daraja la Nyali! Kwa mara ya kwanza nikasikia gia ya tatu. Upepo uliingia mpaka ndani ya meno. Nikapiga kigelegele, Athman akacheka, na jua likachomoza upande wangu wa kulia. Nilikuwa nikitabasamu mbele ya jua lote, msichana wa miaka kumi na minne asiyejua hata Mtwapa iko wapi.

Mtwapa tukapita. Baada ya mashamba ya mkonge, hatujafika Kilifi bado, ikaanza kukohoa. Tre… tre… ikazima. Athman akafungua kabureta, na ndani mkawa na unga mwekundu kama pilipili ya kusaga. Akafungua tangi, akachungulia, akaniangalia.

"Uliosha na maji gani?"

Niliiona mikono yangu ikiteka ndoo kisimani. Chumvi ilikuwa imekula tangi kwa ndani siku zile tatu nilizoliacha limefungwa bila kulikausha, na mtikiso wa barabara ukaibandua kutu yote.

Nikalia. Athman hakunipiga, hakunitukana. Alikaa chini kando ya barabara, akasema, "Basi, mama atangoja tena." Maneno hayo yaliniuma kuliko kofi.

Na hapo hapo basi la kaskazini likaja. Utingo wake, Chuba, akaning'inia mlangoni.

"Ee! Si watoto wa Seif hawa? Mwashona nini na hicho kicherehani?" Abiria wakacheka. "Ami yenu ajua mko huku? Leo jioni nampelekea salamu zenu!"

Basi likapita na vumbi lake. Sasa tulikuwa na siku moja tu. Jioni Ami atajua, na kesho atakuja. Tukirudi tumekwisha, tukikaa tumekwisha.

Nikafungua mkate ili tule, maana sikujua jambo jingine la kufanya. Kitambaa kikabaki mkononi. Kilikuwa chepesi, kimelainika kwa tui la miaka, na nikakumbuka mikono ya Bibi ikikikamua, machicha yanabaki ndani, tui linatoka jeupe.

"Athman," nikamwambia, "kutu ni machicha."

Alinitazama kama nimepata wazimu. Kisha akaelewa. Tukakata kipande, tukakikunja mara mbili, tukakifunga kwenye mdomo wa mpira wa petroli, pale inapoingia kabureta. Tundu dogo la kabureta lililoziba nikalizibua kwa pini ya ushungi wangu. Akapiga teke mara nane. Mara ya tisa ikaitika.

Haikukimbia tena kama ilivyokimbia Nyali. Ilikwenda kwa adabu. Kila baada ya mwendo kidogo kitambaa kilijaa unga mwekundu, tunasimama, nakikung'uta, nazibua kwa pini, tunaendelea. Daraja la Kilifi tulilivuka tukisukuma, watu wa baiskeli wakitupita na kutupa pole. Msabaha tulisimama mara mbili, na mama mmoja muuza madafu akatupa moja bure kwa kuwa alidhani mimi ni bibi harusi niliyetoroshwa. Malindi tuliipita watu wanatoka alasiri. Nyuso zetu zilikuwa nyekundu kwa vumbi, macho tu ndiyo meupe.

Mambrui hatukujua nyumba. Tulipunguza mwendo barabarani tukitafuta mtu wa kumuuliza, pikipiki inakohoa, tre… tre-tre… tre. Kabla hatujamwona wa kumuuliza, mlango mmoja mbele ukafunguka kwa kishindo. Mwanamke akatoka mbio bila ushungi, mikono imejaa unga wa mahamri mpaka kwenye viwiko, anatazama barabarani kama mtu aliyeitwa na aliyekufa.

Hakuwa ametuona bado. Alikuwa ameusikia mlio.

Athman alisahau breki. Pikipiki ikajizimia yenyewe miguuni mwa mama.

Kesho yake Ami Seif alikuja na basi, kama tulivyojua. Mama alisimama mlangoni, mimi kushoto, Athman kulia, akamuuliza neno moja tu: "Barua zangu zi wapi, Seif?" Ami aliangalia viatu vyake. Yule mtu ambaye neno lake lilikuwa ndilo neno hakuwa na neno. Alirudi na basi la jioni, na sisi tukabaki.

Shule sikurudi. Kusoma na kuandika vizuri alinifunza mama, mezani, usiku mmoja baada ya mwingine. Ndiyo sababu mwaweza kunisoma leo. Salamu za Bibi tulizifikisha, na mama akamsamehe. Mimi nilichelewa kumsamehe, lakini nilifika.

Sasa binti yangu, Rukia mdogo, amenunua pikipiki yake mwenyewe, na Ijumaa hii anataka kwenda nayo Mombasa akaone Kuze. Ana kofia ngumu, ana glavu, simu inamwambia kata kulia, kata kushoto. Nikamwuliza ameiandaa vipi. "Mama, hii haiandaliwi, inabonyezwa tu." Petroli, anasema, inajichuja yenyewe ndani. Nikacheka, kwa kuwa ni kweli, na kwa kuwa hatajua kamwe raha ya kuisikia ikiwaka baada ya wiki mbili za mikono yako. Wamepata wepesi hawa. Wala siwaonei wivu sana, maana yeye anakwenda kwenye mtaa wa babu yake bila kumtoroka mtu.

Katika orodha yangu ya wenye makosa nilibakisha wa nne, yule msichana wa ndoo ya kisimani. Huyo ndiye wa kwanza niliyemsamehe.

Jana nimekitoa kile kipande cha kitambaa sandukuni. Kutu haikutoka mpaka leo, na ukikinusa vizuri, chini ya petroli bado mna nazi. Nimekikunja nikakitia mfukoni mwa koti la mwanangu pamoja na pini moja. Akaniambia, "Mama nawe!" Lakini hakukitoa.