Kitambaa Kizima

Fundi cherehani huyu alikuwa na jina zuri la kuzaliwa, lakini mtaa mzima ulimwita Tuseme. Mpelekee suruali ya kupunguza kiuno, atakuuliza, "Tuseme ukinenepa?" Mwambie hutanenepa, naye, "Tuseme ukikonda?"

Ajabu ni kwamba nguo iliyoharibika haikumtia hofu hata kidogo. Mafundi wenzake wakikata ovyo walimletea kimyakimya, naye aliitengeneza huku akipiga mluzi. Kitambaa kizima ndicho kilichomtoa jasho.

Sasa mpwa wake alikuwa anaolewa Jumamosi, na kitambaa cha gauni ni kile alichowekewa na marehemu mama yake, dada wa fundi. Cheupe, chepesi, na hakuna kingine kama hicho. Kilitandazwa mezani tangu Jumatatu. Kufikia Jumatano kilikuwa kimepimwa mara tisa na kufutwa chaki mara nane.

Mkewe, aliyekuwa akishona vifungo pembeni, alishachoka. "Baba watoto, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga."

"Tuseme ni ya baridi?"

"Haya, vuta pumzi basi, uhesabu mpaka kumi."

Tuseme akavuta pumzi. Alipofika saba akasita. "Kwa nini kumi? Tuseme mtu anahitaji kumi na mbili?"

"Toa hiyo pumzi kabla hujapasuka," mkewe akasema, akarudia vifungo vyake.

Ndipo mpwa akaingia. Akaitazama meza, kisha kalenda ukutani. "Mjomba, bado hujakata?"

"Nitakata, mama. Lakini tuseme mkono ukiteleza. Dada yangu kaacha kitambaa kimoja tu. Nikikiharibu mimi, nitakutazama kwa macho gani?" Hapo hakuwa na mzaha.

Binti alichukua mkasi, akauingiza kwenye kitambaa, pale kiuno kilipochorwa kwa chaki nzito, akakata urefu wa kidole.

Mke wa fundi akaangusha kopo. Vifungo vikaviringika mpaka mlangoni.

"Haya, kimeshaharibika," binti alisema. "Kitengeneze."

Tuseme akainama. Akaugusa ule mkato, akaupima kwa jicho tu, futi ikiwa inaning'inia shingoni. "Nani kakufundisha kushika mkasi namna hii?" alinung'unika. "Kama unamkata kuku kucha. Hapa tutaweka rinda. Na upande wa pili lingine, ili yalingane."

Kabla mkewe hajamaliza kuokota vifungo, mluzi ulishaanza na mkasi ulikuwa unakwenda wenyewe. Gauni lilikamilika Ijumaa asubuhi, na hakuna aliyeulizwa tuseme nini.

Jumamosi wanawake walimzunguka bibi harusi, wakiyagusa yale marinda mawili ya kiunoni. Kila mmoja alitaka na yeye ashonewe hivyo. Mama mkwe, ambaye si mtu wa kusifu hovyo, akamgeukia fundi na kumuuliza wazo lile zuri lilikuwa la nani.

Fundi akasafisha koo. "Tuseme..."

"Tuseme ni la marehemu mama," bibi harusi akadakia, akamshika mkono.

Fundi akalia tu.