Mbegu Zilizogoma

Mbegu za mkrismasi zikimwagiwa maji ya moto hutoa harufu kama ya maharage yaliyoanza tu kuchemka. Asubuhi hii nimezimwagia kwenye bakuli, uani kwangu hapa Somanda, na nimebaki nimesimama.

Mayu, ndivyo tulivyomwita mama kwa Kisukuma, alikuwa akiotesha miche ya maua na ya kivuli. Mbegu ya mkrismasi, ule mti unaowaka maua mekundu Desemba, ina ganda gumu. Ikilala majini ikavimba, inapandwa kwenye kiriba, kimfuko cha plastiki chenye udongo na samadi. Ikigoma, inarudishwa kwenye maji ya moto.

Siku moja nilipokuwa mtoto, alizimwagia maji, akaniambia, "Usiziguse. Naenda hospitali kumwangalia mdogo wako. Nikirudi zitakuwa tayari."

Alirudi kesho yake asubuhi, ameshika gauni la mdogo wangu, limekunjwa vizuri. Shangazi alimwona kutoka jikoni, akapiga yowe, na majirani wakaanza kuingia. Mayu akaketi chini, akavuta bakuli, akaanza kuchambua. Zilizovimba aliziweka huku, ngumu kule. Hakuna aliyemzuia.

"Mayu, mdogo wangu yuko wapi?"

Akanisogezea zile ngumu. Vidole vyake vilikuwa vimekunjamana kwa maji.

"Hizi bado," akasema. "Chemsha maji mengine."

Nikabandika sufuria. Nyuma yangu wanaume walikuwa wanafunga turubai, na mimi nikawa nachochea moto.