Nyumba Niliyokaa Bure Utange

Nililala juu ya mlango wa jikoni karibu miaka mitatu. Ulikuwa ubao mzito, fundi aliuleta mapema kuliko alivyouhitaji, nami nikaulaza juu ya mawe manne ya ujenzi na kutandika mkeka na shuka mbili. Mgongo wangu haujanisamehe hadi leo. Nikiinama kuokota kitu husikia mlio, na mke wangu hucheka, akidhani ni uzee.

Mambo yalianzia kwa baba. Nilipopata nafasi ya chuo, wenzangu walijaza fomu za mkopo wa wanafunzi. Mimi nikaipeleka yangu nyumbani kwetu, mtaa wa Shika Adabu, ili atie sahihi. Aliisoma polepole, kidole chini ya kila mstari, mpaka akafika palipoandikwa riba. Akaikunja.

"Riba ni riba," akasema, "hata ikiletwa na serikali. Karo ntalipa mimi. Ntauza nazi, ntauza muhogo. Ila pa kulala, mwanangu, tafuta wewe."

Sikubisha. Baba yetu habishiwi, na isitoshe niliamini kama yeye. Naamini hata sasa. Lakini kuamini ukiwa na kitanda ni jambo moja, na kuamini huku unatafuta kitanda ni jambo jingine. Chuo kilikuwa upande wa kaskazini. Kila siku kuvuka kivuko cha Likoni, kisha kupanda gari mbili, na jioni kurudi vilevile, nauli peke yake ingezimaliza nazi za baba kabla ya karo kuzigusa.

Fundi mmoja rafiki wa mjomba wangu ndiye aliyenipeleka Utange. Alikuwa akimjengea mwanamke aliyekwenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani, na mwanamke huyo alikuwa akimjengea mamake. Pesa zilikuja vipande vipande na nyumba nayo ikapanda vipande vipande: msingi, kisha kimya, kuta, kisha kimya kirefu zaidi. Kwetu pwani nyumba haiachwi hivyo. Nyumba isiyo na mtu huingiwa na wasioonekana, na hao hawatoki kwa notisi. Kwa hiyo mama mtu alitaka kijana msafi, anayesali, alale humo, kila Alhamisi afukize ubani na baada ya Magharibi asome Yasin kwa sauti. Akifanya hivyo hadaiwi kodi. Kodi yangu ikawa Yasin.

Msidhani nilikuwa nimeokota dodo. Mwaka wa kwanza hapakuwa na paa ila kwenye chumba kimoja, na hilo lilikuwa turubali. Mvua ya masika ilinihamisha pembe hadi pembe na vitabu vyangu ndani ya ndoo yenye kifuniko. Madirisha niliyaziba kwa mifuko ya saruji. Maji niliyachota kisimani kwa jirani, mitungi miwili asubuhi na miwili jioni, nikaoga uani nyuma ya kipande cha bati nikiomba upepo usilipeperushe. Usiku mbu walikula, mchana nilisinzia darasani. Chakula kilikuwa uji, viazi karai, na siku za neema mahamri na mbaazi. Wenzangu wenye mkopo walipanga vyumba vyenye stima na kunicheka wakiniita mwenye jumba. Nilicheka nao. Nikibaki peke yangu sikucheka. Nilikuwa nimechoka, uchovu ambao kulala hakuuondoi, kwa sababu kulala kwenyewe ndiko kulikonichosha.

Mama mwenye nyumba nilimwita Bi Mkubwa. Alikuwa amepanga chumba Mikindani, ghorofa ya tatu, na magoti yake yalikuwa mabovu. Hata hivyo kila mwezi alikuja kuitazama nyumba. Alipita chumba hadi chumba akigusa kuta kwa kiganja, mtu anavyompapasa ng'ombe wake, kisha akaketi kwenye kitanda changu cha mlango kupumua. Alikuwa amekwisha kuchagua chumba, kile cha pembeni kinachopata upepo wa asubuhi.

"Nachoka na ngazi, mwanangu," aliniambia siku moja. "Maji hayapandi juu, nayapandisha mimi. Hapa ntatoka kitandani nikanyage chini moja kwa moja."

Kila alipokuja alileta kitu ndani ya kikapu, mkate wa mofa au samaki wa kukaanga. Alinitazama nikila mpaka nimalize. Nilimpenda. Naliandika hili makusudi, msomaji asije akadhani nililolitenda baadaye nililitenda kwa mtu nisiyemjali.

Mwaka wa mwisho pesa za Uarabuni zikaongezeka. Paa likakamilika. Chumba cha pembeni kikatiwa dari na vioo. Fundi akaja na bawaba zake, akakichukua kitanda changu na kukisimamisha jikoni, nami nikalala sakafuni. Nilikuwa pengine mtu pekee Utange aliyeona nyumba inapendeza akanuna. Kila msumari uliopigwa ulinisogeza nje, na mitihani ya mwisho ilikuwa imebakiza miezi mitano. Baba naye alikuwa amekwisha kuuza minazi yenyewe, si nazi, kwa wakata mbao. Nikitoka pale sikuwa na pa kwenda ila kwenye ile fomu aliyoikunja.

Ramadhani ikiwa ukingoni, Bi Mkubwa akaja Alhamisi alasiri. Alitaka kuhamia baada ya Idd. Lakini kuhamia nyumba mpya kuna adabu yake: huulizwa kwanza aliyelala humo. Fundi hajui, mwenye pesa hajui. Anayejua ni aliyelala.

Akaketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, mkongojo kati ya magoti. "Sema kweli, mwanangu, usinifite. Nyumba imetulia?"

Nyumba ilikuwa imetulia. Miaka yote ile sikusikia kitu ila panya na bati la jirani. Nikaangalia sakafu.

"Bado pazito kidogo, Bi Mkubwa."

Basi. Sikuongeza neno. Sikutaja kivuli wala sauti, na haikuhitajika, maana mtu wa kwetu akisikia hivyo haulizi zaidi. Yeye alivuta mtandio wake, akasoma kitu kimoyomoyo na kupulizia huku na huku.

"Haidhuru," akasema. "Tungoje Mfungo Sita. Tutasoma maulidi humu humu, ndipo nihamie. Na wewe utakuwa karibu wamaliza masomo yako. Miezi si mingi."

Nikamshika mkono mpaka barabarani, nikamsimamishia gari. Niliporudi jua lilikuwa linatua. Nikafuturu kwa tende na maji, nikafukiza ubani, nikasoma Yasin kwa sauti nzuri kuliko siku zote. Wasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ya miezi mitano, na kila Alhamisi niliipita tena.

Mara mbili nilikusudia kumwambia. Alipokuja mwezi uliofuata maneno yalikuwa mdomoni, lakini alikuwa amebeba samaki, akaniambia kula kwanza. Nikala. Mwezi wa pili akaja na uvumba alioununua kwa sheikh, wa kufukiza chumba kwa chumba ili pawe pepesi. Akavifukiza vyumba vyote mwenyewe, akichechemea na chetezo, nami nikimfuata na makaa. Moshi ulinitoa machozi, akaniambia nikapunge hewa nje.

Wiki mbili kabla ya Mfungo Sita kuandama, fundi alinipigia simu nikiwa maktaba. Bi Mkubwa alikuwa akipandisha ndoo ya maji Mikindani, akateleza ngazini. Nyonga ilivunjika. Alilazwa hospitali siku tisa, na siku ya kumi akafariki.

Jamaa hawakuwa na mahali pa kuwakusanya watu kwa hitima, kwa hiyo ikasomewa Utange. Mikeka ikatandikwa chini ya dari mpya, watu wakajaa hadi uani. Mimi nikaombwa nianzishe Yasin, kwa kuwa nyumba ilikuwa imezoea sauti yangu. Nilisoma. Sijui nilimalizaje.

Watu walipokuwa wakila, fundi akanipa simu. Alikuwa binti, mwenye nyumba, ambaye mwajiri wake hakumpa ruhusa ya kuja kuzika. Sikuwahi kuongea naye kabla ya siku hiyo. Sauti yake ilikuwa imekauka kwa kulia. Alinishukuru kwa kuilinda nyumba, kisha akaniuliza:

"Mama alilala humo, hata siku moja?"

"La," nikasema.

Nyuma yake nilisikia mtoto wa watu akilia na yeye akimbembeleza kwa Kiarabu.

"Alikuwa ashakupangia," akasema aliporudi. "Kile chumba cha uani. Alisema hata akihamia, kijana atakaa humo mpaka amalize chuo, si vizuri kumtoa mtoto wa watu kabla ya mtihani. Hakukwambia?"

"Hakuniambia."

Hakuniambia kwa sababu sikumuuliza. Miaka karibu mitatu nilikula samaki wake, na haikunijia akilini kumuuliza swali moja dogo: ukihamia, mimi je?

"Basi kaa," binti akasema. "Kaa mpaka nirudi. Usiiache tupu."

Nikakaa. Mtihani wa kwanza ulikuwa Jumatatu, nikaufanya, nikafanya na mingine, nikapita yote. Serikali hainidai hata senti. Baba alichinja mbuzi. Binti yuko Uarabuni bado, ameongeza mkataba mara mbili, na ukweli sijampa. Kila Idd hunipigia simu kunishukuru kwa jinsi nilivyomtunzia mamake.